Nilivyomfikisha Mwanasha kwenye Ndege

Vijana wangu wa kiwanja cha ndege cha Ukunda, mlisema niandike, nami naandika. Yule mwenzenu mrefu aliyecheka akauliza, "Mzee Juma, utaandika kwa kalamu au kwa mizani?" namjibu hapa: kwa kalamu, na kwa mkono huu huu uliobeba masanduku ya watu yeye hajazaliwa. Shule niliishia darasa la pili. Mengine nilijisomesha mwenyewe, nikiwa na mzigo kichwani. Hakuna aliyenishika mkono, hakuna mjomba aliyekuwa ofisini. Asiyependa kusikia mtu akijisifu aziweke karatasi hizi chini sasa hivi.

Vyeo na mishahara siandiki. Vyeo nilivyopewa vilikuwa vidogo kuliko mimi, na mishahara ya hapo mnaijua wenyewe. Na msiniite kikongwe kwa kuwa nimestaafu. Kilichostaafu ni mgongo. Mimi mwenyewe bado.

Nilitoka Msambweni kwenda Mombasa ndevu zangu ndiyo kwanza zaota, bendera ya Mwingereza ingali inapepea juu ya stesheni. Niliambiwa kuna kazi ya kubeba mizigo ya abiria wa gari la moshi. Nikamkuta Mzee Kombo, mchukuzi mkongwe kuliko wote, shingo nene kama kinu. Nikamwamkia, "Shikamoo." Akaitikia, "Marahaba. Umekuja kubeba au kutazama?" Nikasema kubeba. Akanipa kata ya gunia niiweke kichwani na kamba ya katani, ndizo zana zangu za kwanza, akanisukuma kwenye kundi la abiria.

Siku hiyo nilikimbilia sanduku kubwa kuliko yote. Mwenyewe alikuwa mwanamke aliyekumbatia kifurushi kidogo cha leso. Nikalitwika sanduku, nikamwacha na kifurushi chake, na katika msukumano kile kifurushi kikaanguka chini ya behewa. Dawa za mwanawe zilikuwa humo. Mzee Kombo alijitia uvunguni mwa behewa, uzee wake wote, akakitoa. Kisha akaniambia neno nililofanyia kazi maisha yangu yote: "Usitazame mzigo, mtazame mwenyewe. Anachokishika kifuani ndicho anachosafiri nacho. Hayo mengine ni nguo." Basi nanyi mkiona mtalii analia na begi lake dogo mnalotaka kulitupa nyuma ya ndege, mwacheni akae nalo mapajani.

Uhuru ulipokuja, jambo la kwanza nililofanya asubuhi yake ni kwenda kukaa kwenye benchi la chumba cha kungojea cha daraja la kwanza. Nilikuwa nimelifuta vumbi benchi lile miaka bila kulikalia. Karani akaja. "Juma, unangoja gari gani?" Nikamwambia, "Singoji gari. Nimekaa." Nilikaa mpaka nikachoka. Benchi lenyewe lilikuwa gumu, nawaambia kweli, lakini nilikaa.

Miaka hiyo watu wa Kwale walianza kwenda Nairobi kwa wingi: mgonjwa, mwenye kesi, mwenye kutafuta kazi. Wengi hawakuwa wamepita Mariakani. Walikuwa wakifika stesheni wakinitafuta mimi, mtu wa kwao, nami nikaona kazi ambayo hakuna aliyeiona: kuwapeleka. Siku zangu za mapumziko nilipanda nao daraja la tatu mpaka Nairobi, nikawafikisha mlangoni kwa wenyeji wao, nikarudi. Hakuna aliyenituma. Kazi hiyo niliitunga mimi.

Niliyowaambia wao nawaambia nyinyi, maana gari la moshi halijabadilika sana. Panda mapema, ukae karibu na dirisha, lakini gari likikaribia Taru funga dirisha, hata ukiona joto. Vumbi jekundu la huko huingia mpaka ndani ya mkate. Tikiti iweke ndani ya kofia, usiiweke mfukoni. Mfuko huibwa, kichwa huondoka na mwenyewe. Chukua chakula kisichonuka. Najua mnapenda papa mkavu, hata mimi nampenda, lakini behewa lina watu wa bara, na mtu wa bara akisikia harufu ya papa husema kuna maiti. Maji chukua ya kwako. Kituo kikubwa usishuke kununua chai ila kama chai hiyo unaipenda kuliko safari. Na chukua nguo nzito. Nairobi asubuhi baridi yake haina adabu.

Sasa nifike kwa Mwanasha, maana ndiyo safari mnayoniuliza kila siku.

Mwanasha alikuwa binti wa fundi cherehani mmoja wa Msambweni. Mama yake alikufa akijifungua mtoto wa pili, yeye na mtoto wote wawili. Msichana huyo alisoma mpaka akapata nafasi ya kwenda ng'ambo kujifunza ukunga. Ndege ingeondoka Nairobi, na walimu wake walisema wazi kwamba nafasi ile ikipita imepita, atachukua mwingine. Baba yake alikubali, akaniita. "Juma, nifikishie mwanangu kwenye ndege." Nikasema hilo ni jambo dogo.

Halikuwa dogo. Kwetu Wadigo, mnajua, baba ni baba, lakini mjomba ndiye mwenye neno. Na mtu hatoki kwenda mbali bila kuomba radhi, ndiyo baraka ya safari, kwa mkubwa wake na kupewa kwa ulimi, papo kwa papo. Mjomba wake, Mzee Mwamadi, alikuwa mtu wa Bodo, mkimya, anayesalisha msikiti wa kijijini kwao. Mwanasha alikwenda kumwomba radhi mara ya kwanza, hakumjibu. Akaenda tena, akamtengea chakula. Mara ya tatu mzee akatoka nyuma ya nyumba akaenda shambani.

Siku ya safari walikuja stesheni watu tele kumsindikiza, kama ilivyo desturi yetu: shangazi, majirani, watoto wa chuo cha Kurani, kila mmoja na kifurushi. Nilikuwa nimekwisha kumweka Mwanasha penye nafasi nzuri, gadi wa gari anatazama saa yake, mara Mzee Mwamadi akaingia behewani kwa kofia yake na fimbo, akaketi kando ya mpwa wake.

"Shikamoo, mjomba," akasema Mwanasha.

"Marahaba. Teremka twende nyumbani."

"Mjomba, nimekuja kwako mara tatu."

"Na mimi nimekuja mara moja. Teremka."

Nikamwambia, "Mzee wangu, gari linaondoka. Wasindikizaji wanashuka."

Akanitazama kama mtu anayetazama nzi. "Nitashuka na mpwa wangu."

Filimbi ikalia. Gari likashtuka, likaanza kwenda. Shangazi wakapiga vigelegele, wakidhani mzee amekuja kutoa radhi mle mle ndani. Na Mzee Mwamadi, ambaye hakuwa amepanda gari la moshi tangu azaliwe, akashika fimbo kwa mikono miwili akabaki pale pale.

Mama mmoja wa Kikamba aliyekuwa mbele yetu akasema, "Mzee, ukitaka kugoma goma, lakini inuka kidogo, umekalia kiondo changu."

Akaja mkaguzi. "Tikiti, mzee."

"Mimi sisafiri."

"Husafiri? Sasa uko wapi?"

"Niko kwa mpwa wangu."

Behewa zima likacheka. Nikamkatia tikiti humo humo, kwa hasira. Sikuwa nikimfanyia wema. Nilikuwa nikimpeleka Mwanasha, na kama lazima nimpeleke mjomba naye juu ya mabega yangu, nitampeleka.

Jua likazama tukiwa tunapanda kwenda Mariakani. Waislamu mle ndani wakataka kusali Magharibi. Nani asalishe? Wote wakamtazama mwenye kofia nyeupe na umri mkubwa. Mzee Mwamadi hakuweza kukataa. Kukataa kusalisha si tabia yake. Tukajipanga kwenye njia ya katikati, tukaelekea kibla, gari likapinda, tukapinda nalo. Tulipomaliza, mtu mmoja akamwomba atuombee dua ya safari. Akanyanyua mikono. "Ewe Mola, wafikishe wasafiri hawa wote waendako, na uwarudishe makwao salama."

Wote tukasema amina. Hata yule mama wa Kikamba alisema amina, na alikuwa na msalaba shingoni.

Hapo nikaruka. "Mzee! Basi yamekwisha! Umeomba wote wafike waendako. Mwanasha yumo. Hukusema isipokuwa Mwanasha!"

Watu wakapiga makofi. "Umenaswa, mzee!" akasema mmoja kutoka nyuma.

Mzee akafuta uso. "Dua ya safari ni ya kila aliyemo. Radhi ni baina yangu na yeye."

"Imetoka kinywani mwako!"

Na hapo ndipo Mwanasha aliponitoa jasho. Akasema taratibu, "Kaka Juma, hapana. Sitaki kuziokota radhi za mjomba wangu kama nazi iliyoanguka shambani mwa mtu. Nataka anipe."

"Na asipokupa?"

"Sipandi ndege."

Nimefungua mlango, na anayepaswa kupita anaufunga. Nikamwambia, "Wewe na mjomba wako ni kitu kimoja."

Kulipopambazuka tulikuwa kwenye mbuga za Athi, kweupe, baridi inaingia mpaka kwenye meno. Mzee alikuwa na kanzu na kikoi tu. Nikavua kabuti langu nikamvika, naye hakukataa. Mwanasha alikuwa amekwenda kunawa uso. Mzee akasema akitazama nje:

"Watu wanasema namkataza kusoma. Nani amekataza kusoma? Mama yangu alizaa mabinti watatu, Juma. Wawili walikufa hawajaolewa. Wa tatu alikufa uzazini. Ukoo hupita kwa mwanamke, na katika mlango wa mama yangu amebaki mwanamke mmoja, huyu. Akienda akaolewa huko, mlango umefungwa, na mimi ndiye niliyekuwa nimeshika ufunguo."

Mtu mwenye adabu angesema pole. Mimi nikamwambia, "Na akibaki, akafa uzazini kama mama yake kwa kukosa mkunga, mlango utakuwa umefungwa na nani?"

Alinigeukia. Nilidhani atanipiga fimbo. Hakunipiga, akageukia dirisha tena. Maneno yale yalikuwa makali na sikuyaombea msamaha, wala leo siyaombei.

Njiani kutoka stesheni kwenda kiwanja cha ndege cha Embakasi nilimfundisha Mwanasha mambo ya ndege. Masikio yakiziba ameze mate, au atafune kitu. Viatu avilegeze, miguu huvimba. Mafuta ya nazi asibebe kwenye chupa iliyojaa pomoni, kule juu yatatafuta njia ya kutoka, na nguo zitanukia mpaka ng'ambo. Mkanda afunge asione haya, hata rubani hufunga.

"Kaka Juma, wewe umepanda ndege lini?"

"Sijapanda."

"Sasa umeyajuaje?"

"Nimewauliza waliopanda. Wewe unakwenda kujifunza kuzalisha watoto. Hao wote mwalimu wako kawazaa yeye?"

Akacheka, mara ya kwanza tangu Mombasa. Mjomba wake akatazama upande mwingine, lakini niliona ndevu zikitikisika.

Embakasi abiria walikuwa wakitembea kwa miguu mpaka kwenye ngazi ya ndege. Wasindikizaji walibaki nyuma ya kizuizi cha vyuma, na mbele ya kizuizi ulichorwa mstari mweupe chini, na askari amesimama hapo. Mwanasha alipiga magoti mbele ya mjomba wake, kwenye sakafu baridi, watu wanapita na mabegi yao.

"Mjomba, naomba radhi zako."

Midomo ya mzee ikafunguka, ikafunga. Wakaita abiria. Mwanasha akangoja, wakaita tena. Nikamshika mkono nikamwinua. "Nenda mpaka kwenye ngazi. Kwenda kwenye ngazi si kupanda." Akaenda, nyuma ya wenzake wote. Alipofika chini ya ngazi akasimama, akageuka kututazama. Wenzake wakapanda wakaisha. Msichana wa ndege juu mlangoni akawa anamwita kwa mkono. Mwanasha hakunyanyua mguu.

Mzee Mwamadi alikuwa amekamata vyuma vya kizuizi, kabuti langu limemmeza, machozi yanamtiririka mpaka ndevuni. Hapo ndege nyingine upande wa pili ikawasha mashine zake, kelele ikajaa kiwanja chote, na ni hapo, katika saa zote alizokuwa nazo tangu Mombasa, ndipo alipofungua kinywa.

"Mwanasha! Radhi unazo. Za kwenda unazo, na za kurudi unazo."

Nilisikia kwa sababu bega langu lilikuwa limegusana na lake. Mwanasha pale ngazini hakusikia kitu. Alikuwa akituona midomo tu.

"Mzee, hakusikia! Sema tena, kwa nguvu!"

"Nimekwisha sema."

"Lakini hakusikia!"

"Radhi si mnada wa samaki, Juma. Haziitwi mara mbili."

Mtu wa aina hiyo utamfanya nini? Juu mlangoni yule msichana alikuwa amegeuka kuzungumza na mtu wa ndani. Wanaume wawili wakaishika ile ngazi. Nikaona vizuri kabisa jinsi itakavyokuwa: ngazi itaondolewa, mlango utafungwa, na msichana atarudi kwetu akitembea, na radhi zake anazo na hajui.

Nikaruka kizuizi. Nikauvuka mstari. Askari akapiga ukelele, "We! Rudi! We mwehu!" Nikakimbia. Nilikuwa na miguu ya kubebea masanduku, na siku hiyo sikuwa na sanduku.

"Amekupa!" nikamwambia Mwanasha, pumzi hakuna. "Mjomba amekupa!"

Alinitazama machoni. "Kwa maneno gani?"

Angalieni msichana huyo. Ngazi inashikwa, askari wanakuja mbio, yeye anauliza kwa maneno gani.

"Kasema, radhi unazo. Za kwenda unazo, na za kurudi unazo."

Akafumba macho. "Hayo ni yake," akasema. "Wewe usingeweza kuyatunga."

Nilikasirika kidogo, nakiri. Lakini alikuwa amekwisha kupanda ngazi, leso yake imepeperuka begani, na alipofika mlangoni alimpungia mjomba wake kwa mikono yote miwili. Askari wakanikamata pale chini. Ndege ilipoondoka ilinipitia kwa upepo wake wote, nami nimeshikwa mikono nyuma kama mwizi, na nawaambia, sijawahi kusimama wima kama nilivyosimama pale.

Waliniweka ndani mpaka alasiri. "Nani alikupa ruhusa kuvuka?" Nikasema hakuna. "Ulikuwa unataka nini?" Nikasema nilikuwa nafikisha neno. Habari zikanitangulia Mombasa. Mkubwa wa zamu stesheni akataka niombe msamaha mbele ya wachukuzi wenzangu, maana nimewaaibisha. Mzee Kombo akaninong'oneza, "Omba tu, Juma, neno halina uzito." Nikamwambia yeye ndiye aliyenifundisha kumtazama mwenyewe na si mzigo. Nikaiweka ile kata ya gunia juu ya meza ya mkubwa, nikavuka kivuko cha Likoni nikarudi kwetu.

Ndipo nikaja Ukunda, wakati kiwanja hiki kilikuwa majani na mbuzi, na ndege ndogo za watalii ndiyo kwanza zinaanza kutua. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kufukuza mbuzi hao. Mizani nikajifunza mwenyewe, nikawa napima mizigo na watu. Hili mlishike: katika ndege ndogo mpime mtu pamoja na zawadi alizopewa mlangoni. Watu wetu hawamwachi msafiri aende mikono mitupu; ukishampima, shangazi atamtwika fenesi. Mwanamke akikataa kupanda mizani mbele ya watu, mzungushie leso. Rubani akikwambia mtu mzito akae mbele, usimwambie mtu ni mzito, mwambie mbele kuna hewa nzuri. Na mstari mweupe wa hapo Ukunda mnaoupaka chokaa kila mwezi, msimwache mtu auvuke. Panga la ndege likizunguka halionekani, na halijui nani mwenye haraka. Nimewarudisha nyuma mawaziri kwenye mstari ule, na mabwana harusi.

Mwanasha alirudi. Kumbe mnadhani? Alirudi na cheti chake, akazalisha Msambweni mpaka leo baadhi ya watoto aliowapokea duniani wamewapa mabinti wao jina lake. Mjomba wake alimpokea akiwa hai, na waliishi vizuri. Lakini watu wa kwetu ni watu wa kwetu. Miaka yote hiyo, barazani na misibani, wamekuwa wakisema yule msichana aliondoka bila radhi, na kwamba Juma wa stesheni alijitungia maneno ili asionekane ameshindwa kazi. Katika msikiti mmoja walikuwa hawanijibu salamu. Wengine waliona harusi yake imechelewa wakasema, unaona?

Mzee Mwamadi mwenyewe walimwendea mara nyingi. "Mzee, ulimpa radhi au hukumpa?" Angeweza kusema ndiyo tu, nikapumzika. Lakini yule mzee hakuwa wa kusema neno mara mbili, hata kwa kuniokoa mimi. Alikuwa akijibu jibu moja mpaka anakufa: "Muulizeni Juma. Yeye ndiye aliyevuka."

Nilivuka. Sikuomba ruhusa, na msamaha sikuuomba. Na nyinyi mtakaopaka chokaa hiyo baada yangu, mkiniona siku moja nimekuja mbio na neno la mtu mdomoni, msiniite. Sitasimama.